Kusema na Mungu Bila Kujificha

Hotuba ya katekista mzee wa parokia, katika mkesha wa Jubilei



Padri Paroko aliponiita na kuniagiza niseme mbele yenu juu ya sala, nilimwuliza kama hakukosea mlango. Juu ya historia ya misioni yetu ningaliweza kusema usiku kucha. Lakini hiyo imekwisha kusimuliwa vema na wengine: namna matofali ya kanisa hili yalivyochomwa, na namna mama zetu walivyobeba mawe kichwani toka mtoni. Habari ya sala haina picha ya kubandika ukutani. Mtu akitaka kuisimulia, hana budi kujisimulia mwenyewe, na jambo hilo si tamu kwa mzee aliyezoea kusahihisha wengine. Padri alinijibu tu: Mwalimu, sema yaliyokupata. Basi nitayasema.

Wengi kati yenu nimewafundisha mimi. Mnajua kazi yangu ilivyokuwa: Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, Amri za Mungu, Sakramenti, yote kwa kichwa, na mtoto akiruka neno moja anarudia toka mwanzo. Siikatai kazi hiyo. Mgonjwa aliyekwisha kupoteza akili nimemwona akisogeza midomo pamoja nasi tulipofika kwa Baba Yetu, hali watoto wake mwenyewe hakuwatambua tena. Maneno yaliyoshikwa kwa kichwa ni kama akiba ya mbegu iliyotundikwa juu ya moshi jikoni. Mwaka wa njaa utayashukuru. Lakini nilikuwa na kosa moja kubwa. Nilidhani kwamba sala nzuri ni sala isiyo na kosa la maneno, na kwamba mbele ya Mungu mtu asimame kama mbele ya mkubwa wa leta: kofia mkononi, macho chini, jibu fupi, na asante hata kama hukupewa kitu.

Mwaka 1996 ulitufundisha mengine. Wazee wanakumbuka mwezi ule wa Oktoba, vita vilipotufikia, na Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa alipouawa mjini Bukavu, tarehe 29. Sisi wa huku vilimani tulisikia habari hiyo tukiwa njiani, mizigo kichwani, bila kujua tunakwenda wapi. Tuliporudi, nyumba yangu ilikuwa haina bati, na ndugu yangu mdogo, mtoto wa mama yangu, alikuwa amezikwa na watu wasiojua jina lake. Tukaanza tena kukutana katika shirika letu, Alhamisi jioni, kama zamani. Mimi ndiye niliyeongoza. Na kila Alhamisi nilifungua sala kwa maneno yale yale niliyoyazoea, kumshukuru Mungu kwa wema wake mwingi uliotulinda sote.

Nawaambieni kweli, ndugu zangu: nilikuwa ninasema uongo. Sisemi kwamba wema wa Mungu ni uongo, hasha. Moyoni mwangu kulikuwa na swali moja tu, nalo lilikuwa swali la hasira. Lakini kinywani nilitoa asante, kwa sababu katekista hutoa asante. Mungu alikuwa anasikiliza mtu asiyekuwapo.

Katika shirika letu kulikuwa na mama mmoja mjane. Simtaji jina, ingawa wa shirika wanamjua, na kabla ya kufariki aliniruhusu nisimulie habari yake. Alikuwa na vijana wawili. Mmoja alimzika kwa mikono yake mwenyewe katika ule mwezi wa Oktoba. Wa pili aliondoka na wakimbizi wengine kuelekea misitu ya upande wa magharibi, na tangu siku hiyo hapakuwa na habari, ya uzima wala ya kifo. Alhamisi moja, baada ya Injili, nilialika kila mmoja atoe ombi lake. Walisali wengine kama tulivyozoea, kwa ajili ya Baba Mtakatifu, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya amani. Kisha mama yule alisimama. Alimwambia Mungu kwamba leo hana asante ya kumpa. Alimwambia kwamba yeye, mama, alijua kila jioni watoto wake wanalala wapi. Na Yeye, aliye Baba, anajua kijana yuko wapi na ananyamaza. Akamwuliza ni baba gani anayefanya hivyo. Akaketi.

Hapakuwa na sauti nyumbani mle. Nami nilifanya nini? Nilimsahihisha. Nikamwambia mbele ya wote: Mama, Mungu hasemwi hivyo, tutubu, tusali Baba Yetu. Tulisali Baba Yetu, maneno yote sawasawa, bila kosa. Alhamisi iliyofuata mama hakufika. Wala ile ya pili. Alikuwa anakuja Misa ya Dominika na kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Nilijituliza kwa kusema kwamba nilitetea heshima ya Mungu. Ilipita karibu miezi sita. Siku moja nilikuwa ninatafuta katika Biblia somo la mazishi, na kidole changu kikaangukia Zaburi ya 88. Nilikuwa nimeisoma zamani, katika masomo ya makatekista, kama mtu anavyosoma orodha. Safari hii niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Mtu huyo wa zaburi anamlilia Mungu mchana na usiku. Anamshitaki kwamba Yeye mwenyewe ndiye aliyemweka shimoni na kumwondolea rafiki zake. Anamwuliza kwa nini anauficha uso wake. Nilingoja mwishoni lile geuko tunalolijua katika zaburi nyingine, pale mwenye kulia anapoanza kusifu. Halikuja. Zaburi inakwisha gizani. Katika lugha ya Kiebrania, neno lake la mwisho kabisa ni giza. Na Kanisa limeiweka kinywani mwa mapadri na watawa wake, katika sala ya usiku ya kila Ijumaa, kabla ya kulala.

Basi nikajiuliza: kama mama yule ningemsahihisha, na huyu wa zaburi nimsahihishe? Nikaanza kuhesabu walio hatiani mbele ya mahakama yangu. Musa, aliyechoka na kunung'unika kwa watu jangwani, alimwambia Mungu kwamba ni heri amwue kuliko kumbebesha mzigo huo. Yeremia alimwambia kwamba amemdanganya. Yona alikasirika waziwazi kwa sababu Mungu ni mwenye huruma mno, na Mungu hakumpiga, alimwuliza maswali tu. Zaburi ni 150, na wataalamu wa Maandiko wanatuonyesha kwamba karibu theluthi yake ni vilio na malalamiko. Kitabu cha sala tulichopewa na Mungu mwenyewe kina machozi mengi kuliko kitabu changu cha katekista!

Na Yobu? Rafiki zake watatu walikuja kumfariji, wakaketi naye chini siku saba kimya. Hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kwa kuwa walimtetea Mungu kwa hoja ambazo Mungu hakuwaomba. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na kutangaza kwamba aliyesema sawa juu yake ni Yobu, yule aliyelalamika. Tena anawaagiza waende kwa Yobu awaombee. Nilipofika hapo nilijua nyumba ninayopaswa kwenda.

Lakini sikwenda siku hiyo. Nawaambia ili msidhani nilikuwa mwepesi. Nilingoja majuma mawili, na wakati huo nilikuwa ninatafuta katika Biblia mtu wa kunitetea. Badala yake nilimkuta kuhani Eli. Mnakumbuka: Hana, mke asiyepata mtoto, alisali hekaluni kwa uchungu hata midomo ilitikisika bila sauti, na kuhani akamtazama na kumwona mlevi. Akamkemea, aache pombe yake. Hana alimjibu kwa adabu nyingi, wala hakukubali. Alisema kwamba hakunywa kitu, amemwaga moyo wake mbele ya Bwana. Ninampenda Eli kwa jambo moja: alikosea upesi, lakini pia alijirekebisha upesi. Hapo hapo alimbariki na kumwombea apate alichoomba. Mimi nilikuwa nimemzidi Eli kwa miezi sita.

Nilimkuta mama akichambua sombe mlangoni. Nilimwomba msamaha, bila maneno mengi. Aliendelea kuchambua majani, kisha akaniambia: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba Mungu ni Baba. Nilisema naye kama na baba. Kama ulikuwa unataka niseme naye kama na soda mwenye bunduki, ungelinifundisha hivyo tangu mwanzo." Kisha akanipa kiti.

Ndugu wapenzi, tangu siku ile nimejifunza katekisimu upya, na mwalimu wangu alikuwa mwanafunzi wangu.

Mapadri waliotufundisha Maandiko walitueleza neno moja la Kigiriki, parresia. Kwa Wagiriki wa kale lilikuwa ni haki ya raia huru kusimama katika baraza na kusema yote aliyo nayo. Mtumwa hakuwa na haki hiyo. Wakristu wa kwanza walilichukua neno hilo kwa ajili ya kuhubiri na kwa ajili ya kusali. Barua kwa Waebrania inatuhimiza tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri huo, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inalitumia neno lile lile inapoeleza Baba Yetu. Ndiyo maana padri katika Misa, kabla ya kutualika tuisali sala hiyo, anasema kwamba tunathubutu. Kwa miaka mingi niliitika bila kusikia neno hilo. Hakuna anayethubutu kufanya jambo lisilo na hatari. Huku kwetu, mgeni anayetaka kumwona mwami hungoja nje hata aitwe. Mtoto wa nyumba anaingia akilia, kamasi puani, na hakuna mlinzi wa kumzuia.

Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo kitubio hakiko mwanzoni, kiko baada ya Injili na mahubiri. Kwanza Mungu anasema, ndipo sisi tunajibu, na tukiisha kupatana naye tunapeana amani. Kwa akili yangu ya mzee, naona mna fundisho hapo juu ya sala yote: tunasema kwa sababu tumesemeshwa. Mtu aliyesemeshwa na baba yake akajibu kwa maneno aliyoyaazima kwa jirani, anamdharau.

Lakini naona kijana mmoja huko nyuma anatikisa kichwa, na wasiwasi wake naujua. Ujasiri huo si ndio tunaousikia usiku kucha katika vyumba vya sala, kule ambako Mungu anaamrishwa kwa vipaza sauti atoe viza, mume, na kazi kabla ya Ijumaa? Hapana, mwanangu. Anayemwamrisha Mungu hasemi na baba, anasema na boi. Tena tazama kinachofuata. Ombi lisipojibiwa kwa siku iliyotangazwa, hutafutwa wa kulaumiwa, na mara nyingi ni mtoto yatima wa nyumba hiyo, anayeitwa mlozi na kufukuzwa barabarani. Mama yule mjane hakumtafuta mlozi. Alimwendea Mungu mwenyewe na kumwuliza Yeye. Huo ndio ujasiri, nao una heshima ndani yake kubwa kuliko yangu, maana alimwona Mungu kuwa ndiye mwenye jibu.

Mtazameni Abrahamu anapowaombea watu wa Sodoma. Mama zetu wanaouza sambaza sokoni Kadutu wangemwelewa mara moja. Anaanza kwa wenye haki 50, anateremka 45, 40, 30, 20, mpaka 10, na kila mara anajishusha, anakiri kwamba ni mavumbi tu, na kila mara anarudi. Hamwamrishi Mungu hata mara moja. Anamkumbusha alivyo: hakimu wa dunia yote hawezi kukosa haki. Mara sita Mungu anakubali. Mimi hujiuliza kwa nini alikomea kwenye 10. Labda aliogopa, labda alihesabu jamaa ya Loti akaona yatosha. Mapadri watatueleza. Ninachokiona ni kwamba Mungu hakuondoka katika mazungumzo kabla ya Abrahamu kunyamaza.

Na Bwana wetu mwenyewe alitupa mifano ambayo mimi singalithubutu kuitunga. Mtu anapiga hodi usiku wa manane kwa rafiki aliyekwisha kulala na watoto wake, akitaka mikate mitatu kwa ajili ya mgeni. Mjane anamchosha hakimu mbaya mpaka hakimu anatoa haki ili apate kupumzika tu. Kule Yeriko kipofu alipaza sauti njiani, na watu wema waliomfuata Yezu walimkemea anyamaze. Mnajua sasa mimi ningalisimama wapi. Yezu alisimama akamwuliza swali: anataka afanyiwe nini? Kipofu! Kila mtu aliona shida yake. Lakini Bwana alitaka asikie neno lenyewe kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Swali hilo nimelifanya kuwa njia yangu ya kufundisha. Baada ya watoto kushika Baba Yetu kwa kichwa, ninawaomba kila mmoja aongeze neno lake mwenyewe, aseme wazi anataka Mungu amfanyie nini. Mwaka mmoja, siku ya wazazi, kijana wa darasa la ubatizo alisali kwa sauti kwamba Mungu amsaidie baba yake apunguze kasiksi ili minervali ilipwe. Baba mwenyewe alikuwa ameketi benchi la pili. Watu walicheka, na mimi nilitafuta mahali pa kujificha. Siwaambii kwamba baba yule aliacha pombe siku hiyo. Minervali ya muhula huo ililipwa, hayo ninayajua, kwa kuwa alipita kwangu kunionyesha karatasi.

Sasa neno gumu zaidi, nalo siwezi kuliruka mbele ya parokia iliyozika watu wengi hivi. Kuna sala tunazoziogopa kwa sababu zimejaa kisasi. Katika kitabu kipya cha Sala za Kanisa kilichotoka mwaka 1971, zaburi tatu ziliachwa kabisa, ya 58, ya 83 na ya 109, kwa sababu ya laana zake. Kanisa lilifanya hivyo kwa busara, nami sina neno. Lakini zimo bado katika Biblia, na ninadhani mtu aliyeuawa ndugu anaweza kuzihitaji kwa siku chache. Miezi ile niliposema asante ya uongo, chuki yangu haikupungua. Ilikuwa inakaa chini ya asante kama nyoka chini ya mkeka, na jioni nilikuwa ninaitoa kwa majirani, kwa maneno juu ya kabila fulani na watu fulani. Siku nilipoanza kumwambia Mungu mwenyewe niliyowatakia waliomwua ndugu yangu, niliona haya kwa mara ya kwanza. Mbele ya watu sikuwa nimeona haya hata kidogo. Aliyeitunga zaburi ile ya laana alitaka mabaya, ndiyo, lakini alimkabidhi Mungu panga. Kwetu huku wengi walisali kwa upole na kulibakiza panga mkononi.

Sijafika mwisho wa njia hiyo. Msamaha ninauomba, kuna siku ninao, kuna siku unaniponyoka. Ninamwambia Mungu hivyo hivyo.

Na tusidhani kwamba kusema yote ni kupata yote. Yezu katika bustani ya Getsemani aliomba wazi kikombe kimwondokee, akarudia mara tatu, na Waebrania wanaandika kwamba alisali kwa kilio kikubwa na machozi. Ndipo aliposema mapenzi ya Baba yatimizwe. Sisi tunapenda kuanza na neno hilo la mwisho, kwa sababu linatupunguzia kazi: ukisema tangu mwanzo mapenzi yako yatimizwe, huna haja ya kuonyesha unachokitaka, wala huwezi kunyimwa. Yeye alikwenda njia nzima.

Mama alirudi katika shirika. Muda mrefu aliketi karibu na mlango bila kusema, na sikumhimiza. Alhamisi moja akasimama tena, akamwuliza Mungu swali lile lile: kijana wangu yuko wapi? Safari hii sisi wote tuliitika pamoja naye: Utusikie, Bwana. Aliliuliza kila juma kwa miaka mingi. Kuna siku aliongeza asante, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya mjukuu wa jirani, na mkiisikia asante ya mama yule mlijua ni asante. Alifariki bila kupata habari. Siku mbili kabla, aliponiona nikiingia na Padri aliyemletea Mpako Mtakatifu, alinishika mkono akasema kwamba sasa atakwenda kuuliza kwa karibu.

Shirika letu linakutana bado Alhamisi jioni. Sisi tuliobaki tumeshika ombi lake, na kijana wake tunamtaja kwa jina. Kesho, katika Misa ya Jubilei, wakati wa sala ya waamini, ombi la tatu litasomwa na mtu wa shirika letu. Ni hilo.